Mahindi yana msimu, hisa je?

Anayenunua mahindi soko la Kibaigwa mwezi wa sita ili ayauze mwezi wa pili hapigi ramli. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na mavuno huingia sokoni kwa mkupuo. Bei hushuka wakati wa mavuno, hupanda ghala zinapopungua. Pengo hilo halifutiki ingawa kila mtu analijua, kwa kuwa kutunza mahindi kuna gharama: mifuko ya kinga njaa, kodi ya ghala, dumuzi, na fedha iliyolala miezi minane.

Kwa mazoea hayo, wengi wanaoanza kununua hisa huuliza waingie mwezi gani na watoke mwezi gani. Lakini hisa haihitaji ghala wala hailiwi na dumuzi. Ikijulikana kwamba bei hupanda Mei, watu watanunua Aprili, wengine watawatangulia Machi, na Mei ikifika faida imeshaliwa.

Huko nje jambo hili limechunguzwa sana. Mwaka 1976 watafiti Rozeff na Kinney walionyesha kuwa katika soko la hisa la New York Januari ilizidi miezi mingine kwa faida. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kodi: wawekezaji wa Marekani huuza Desemba hisa zilizowatia hasara ili wapunguze kodi, kisha hununua tena Januari. Sababu hiyo haina mzizi hapa kwetu, maana mkazi wa Tanzania anayeuza hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) hatozwi kodi kwa faida ya mauzo hayo. Mwaka 2002 watafiti wengine, Bouman na Jacobsen, walikuta nchi 36 kati ya 37 zikifanya vizuri zaidi Novemba hadi Aprili kuliko Mei hadi Oktoba. Ni matokeo mazito, ila ni wastani wa miaka mingi. Mwaka mmoja mmoja unaweza kwenda kinyume kabisa.

DSE ina kalenda moja ya kweli, nayo ni ya gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa. Kampuni nyingi hufunga mwaka wa fedha 31 Desemba, na mikutano mikuu mingi huangukia karibu na katikati ya mwaka. Hapo ndipo watu hunaswa. Chukua hisa 1,000 za shilingi 1,000 kila moja, na gawio la shilingi 60 kwa hisa. Ukinunua kabla ya daftari la wanahisa (orodha ya watakaolipwa gawio) kufungwa, utalipa milioni 1 na gharama za dalali na soko, takriban asilimia 2, yaani 20,000. Gawio ni 60,000. Toa kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5, zinabaki 57,000. Daftari likishafungwa, bei huelekea kushuka kwa kiasi kama cha gawio, tuseme hadi 940. Ukiuza, unapata 940,000, na gharama za kuuza zinachukua 18,800. Umetoa 1,020,000, umerudisha 978,200 pamoja na gawio. Hasara ni 41,800, na gawio umelipata!

Kosa jingine ni kununua siku ileile daftari linapofungwa. Uhamisho wa hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo jina lako halitakuwamo.

Msimu unaostahili kufuatwa ni wa mfuko wako. Fedha ya alizeti au zabibu ikiingia, tenga kwanza ada ya Januari na mbegu za Novemba, ndipo kinachobaki ukinunulie hisa kwa mafungu matatu au manne. Hisa za kampuni nyingi za DSE zina wanunuzi wachache, na anayelazimika kuuza wiki ya ada hukubali bei yoyote anayopewa. Unapotoa agizo, mwandikie dalali bei yako ya mwisho na idadi ya siku litakazodumu, kisha muulize kuna maagizo mangapi upande wa pili kabla hujatuma fedha.