Geji ya turbo na hewa ya Tabora

Wengi wanaoniletea Prado na Hilux za dizeli hapa Tabora wanataka geji ya busti kwa sababu inapendeza kwenye dashibodi. Inapendeza kweli. Ila kazi yake ni kuonyesha busti, yaani turbo inasukuma hewa ndani ya injini kwa presha kiasi gani kuizidi hewa ya nje, na hewa ya nje ya huku si ya Dar. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni takriban bar 0.88, pwani ni 1.01. Geji ikisoma bar 0.7 (zile za psi, karibu 10), jumlisha na hewa ya nje: hapa injini inapata 1.58, Dar ingepata 1.71. Mshale uko palepale, nguvu hazilingani.

Kufunga si kazi kubwa. Mpira wa geji uchukue presha baada ya intakula (kipoza hewa ya turbo), kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Kwa dizeli za zamani, usikimbilie kukata ule mpira mwembamba uendao kwenye pampu ya dizeli ukachomeka kiungo cha T. Kikivuja, pampu haipati presha, haiongezi mafuta, gari linakuwa zito, halafu turbo inasingiziwa. Umeme upitie fyuzi. Mpira unapopenya kwenye bodi weka raba, la sivyo bati litaukata.

Kwenye kusoma ndiko kuna maneno. Dizeli nyingi, usipokanyaga mafuta, mshale hukaa karibu na sifuri, usitafute hasi. Subaru ya petroli ndiyo hushuka: pwani karibu -0.65, hapa -0.5 na ushee. Mtu aliyezoea Dar huambiwa injini imechoka, kumbe ni mwinuko tu.

Busti kamili huioni mjini. Barabara zetu ni tambarare mno, haziilemei injini. Mimi husubiri mlima Sekenke, ukitoka Igunga kwenda Singida: gia ya tatu, mafuta hadi chini. Namba hiyo iandike. Siku ikishuka na moshi mweusi ukatoka, kiangazi anza na filta ya hewa, kisha pakaa maji ya sabuni kwenye mipira na klipu uone panapotoa mapovu. Turbo yenyewe iguse mwisho.

Mshale ukipita kawaida yake ndipo mimi huogopa. Mara nyingi mpira wa westigeti (vali inayoizuia turbo isizidishe presha) umechomoka au umepasuka, turbo haina wa kuizuia. Punguza mafuta, nenda polepole mpaka kwa fundi, hata kama gari limekuwa tamu kuliko jana.