Jaji wa kwanza mweusi wa shirikisho hakuwa Thurgood Marshall

Wengi wetu, hasa Kenya ambako alishiriki kuandaa rasimu ya haki za binadamu kabla ya uhuru, huamini kwamba Thurgood Marshall ndiye jaji wa kwanza mweusi wa shirikisho nchini Marekani. Sivyo. Marshall alikuwa wa kwanza katika Mahakama ya Juu, mwaka 1967. Miaka 30 nyuma, mwaka 1937, Rais Roosevelt alimteua William Henry Hastie kuwa jaji wa shirikisho katika Visiwa vya Virgin, eneo la Marekani katika bahari ya Karibi. Tena Hastie ndiye aliyemfundisha Marshall sheria, Chuo Kikuu cha Howard.

Kinachonigusa zaidi ni mwaka 1943. Hastie alikuwa mshauri katika Wizara ya Vita. Alipoona jeshi linaendelea kuwatenga askari weusi, hata kwenye mafunzo ya urubani, alijiuzulu na kueleza sababu zake hadharani, vita ikiwa bado inapamba moto. Mwenye kulinda cheo asingethubutu.

Baadaye akawa gavana wa visiwa vilevile, na mwaka 1949 Rais Truman akampeleka Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, Philadelphia, alikohudumu zaidi ya miaka 20.