Sili mpya, difu bado inavuja
Gari la zamani likianza kuacha doa la oili chini ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma, mafundi wengi hutamka neno moja: sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke. Inanunuliwa, inafungwa, na baada ya wiki chache doa limerudi. Lawama sasa ni kwa sili "feki". Huenda ni feki kweli, zipo tele, lakini kwanza chungulia juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux za zamani, pale pana kipumulio, kidude kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachochezacheza. Difu ikipata moto safarini, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Tope likikiziba, hewa hiyo husukuma oili kwenye midomo ya sili, hata iliyo nzima, na ikipitia ncha za ekseli hulowesha breki.

Kifungue, kioshe kwa brashi, au weka kipya. Pima na oili: gari likiwa pahali tambarare, iishie ukingo wa chini wa tundu la kujazia, isizidi. Ukiikuta kama chai ya maziwa, maji yameingia, mwaga yote. Ikivuja tena baada ya hapo, nunua sili.