Uchaguzi wa 1996: Je, Ssemogerere Angeweza Kupunguza Pengo?

Mgombea akishindwa kwa kura chache, watu hutafuta ni wilaya gani iliyomponza. Akiachwa nyuma kwa asilimia hamsini, wengi hukata shauri kwamba hapana cha kuchunguza, na hapo ndipo wanapokosea. Tarehe 9 Mei 1996, wananchi wa Uganda walimchagua Rais kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Yoweri Museveni alipata karibu robo tatu ya kura, Paul Kawanga Ssemogerere chini kidogo ya asilimia 24, na Muhammad Kibirige Mayanja takribani asilimia 2. Katika madarasa yetu ya elimu ya uraia swali huja lilelile: je, Ssemogerere angeweza kukwepa kushindwa vibaya namna ile? Jibu langu ni kwamba kushindwa hakukuwa na njia ya kukwepeka, lakini ukubwa wa pengo ulitokana kwa kiasi fulani na uamuzi wake mwenyewe.

Tuanze na yale yaliyokuwa nje ya uwezo wake, nayo hayahitaji maneno mengi. Museveni alikuwa madarakani kwa miaka kumi, sehemu kubwa ya kusini na magharibi ilikuwa imeonja amani, falme zilikuwa zimerudishwa mwaka 1993 na Kabaka, mfalme wa Buganda, ameketi tena Mengo, na katika kampeni aliahidi elimu ya msingi bila karo kwa watoto wanne wa kila familia. Juu ya hayo, Kifungu cha 269 cha Katiba ya 1995 kilivizuia vyama kufungua matawi, kuitisha mikutano ya hadhara na kumdhamini mgombea. Ssemogerere, kiongozi wa Democratic Party (DP) tangu 1980, aliingia uwanjani akiwa mgombea binafsi mbele ya sheria, ilhali mfumo wa utawala wa Museveni, ulioitwa Movement, ambao kwa jina haukuwa chama, ulikuwa na mabaraza yake hadi kijijini.

Lililokuwa mikononi mwake ni kuchagua washirika. Aliingia katika ushirikiano wa vyama, na mshirika mkubwa alikuwa Uganda People's Congress (UPC), chama cha Milton Obote, ambaye wakati huo alikuwa uhamishoni Zambia. Kwa mtu wa Lira au Apac, kaskazini alikotoka Obote, hilo lilikuwa jambo jema. Kwa mtu wa Buganda lilikuwa kidonda kuguswa. Mwaka 1966, chini ya serikali ya Obote, jeshi lilivamia kasri la Kabaka Mutesa, naye akakimbilia Uingereza, alikofia. Mwaka 1980 wafuasi wa DP waliamini kwamba chama chao kilinyang'anywa ushindi na hao hao UPC. Kisha vikaja vita vya Luweero, kati ya waasi wa Museveni na serikali ya Obote, na katika vijiji vya wilaya hiyo mafuvu ya waliouawa yalikuwa bado yakikumbukwa na wenye ndugu waliozikwa bila majina. Kambi ya Museveni haikuhitaji ufundi mkubwa: ilitosha kuwakumbusha wapiga kura mafuvu hayo na kuuliza nani atarudi mlangoni pamoja na Ssemogerere. Obote hakuwa mgombea, lakini alipigiwa kura, tena dhidi yake.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba ushirikiano ule haukuleta faida. Huko Gulu na Kitgum, ambako vita vya mwasi Joseph Kony vilikuwa vikiendelea na watu walitamani mazungumzo kuliko mapigano, Ssemogerere alipata karibu kura tisa kati ya kila kumi. Kwamba Muganda kutoka kusini aliungwa mkono kwa kiasi hicho na Waacholi ni jambo ambalo historia yetu hulisahau upesi mno. Lakini sidhani kwamba kura hizo zililetwa na UPC. Zililetwa na vita, na mgombea yeyote aliyeahidi kuvimaliza kwa mazungumzo angezipata nyingi.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na ndipo wengi wa wanafunzi wetu hushangaa. Kifungu cha 103 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali. Akikosa, wawili wa mbele hurudi kwa wapiga kura katika duru ya pili ndani ya siku thelathini. Kwa kanuni hiyo, wapinzani kugawana kura katika duru ya kwanza hakumpi aliye madarakani hata kura moja ya ziada. Kinachohesabiwa ni kama yeye mwenyewe amevuka nusu. Kwa hiyo haja ya kumweka mgombea mmoja wa pamoja tangu mwanzo haikutokana na sheria. Ssemogerere angeweza kusimama Buganda na kwingineko bila kivuli cha Obote, na UPC ikamwachia mtu mwingine kusimama binafsi kaskazini, kisha wakazungumza baadaye kama duru ya pili ingekuwapo.

Je, ingekuwapo? Hesabu inasema hapana. Ili Museveni ashuke kutoka asilimia 75 hadi 50, mtu mmoja kati ya kila watatu waliompigia alipaswa kubadili nia. Sensa ya 1991 iliwahesabu watu milioni 16.7 nchini, na asilimia 29 hivi kati yao waliishi Mkoa wa Kati, yaani Buganda. Kuvuna pointi 25 za taifa zima katika mkoa wenye ukubwa huo kungemlazimu Ssemogerere achukue karibu kila kura iliyokuwapo humo, jambo lisilowezekana. Lakini kama watatu au wanne kati ya kila wapiga kura kumi wa Museveni katika mkoa huo wangehama, matokeo ya taifa yangeshuka kwa pointi sita hivi au zaidi. Hilo lingebaki kuwa kushindwa, ila kushindwa kwa sura nyingine.

Kulikuwa na kosa jingine, dogo kwa maoni yangu. Ssemogerere alikuwa waziri katika serikali hiyo hiyo tangu 1986, akashika wizara nzito ikiwamo ya mambo ya nje, na hakuondoka hadi 1995. Muda uliobaki haukutosha kuwaeleza watu kwa nini kilichomfaa jana hakimfai leo.

Mwaka 2001 unatupa kipimo, japo si kamili, kwa kuwa miaka mitano huleta mengi. Kizza Besigye, mpinzani mkuu wa Museveni mwaka huo, alitoka ndani ya Movement yenyewe, hakuwa na mzigo wa Obote mgongoni, na vyama vilikuwa bado vimefungwa mikono na kifungu kile kile. Alishindwa kwa asilimia 27.8 dhidi ya 69.3. Museveni alikuwa amepungukiwa na pointi tano au sita kulinganisha na 1996. Ilipofika 2006, vyama viliporuhusiwa kusimamisha wagombea, Besigye alifika asilimia 37.4 na Museveni akashuka hadi 59.3, bado juu ya mstari wa nusu.