Nyumba Haiwi "Broken Down"

"Vunja" yetu inabeba kila kitu: nyumba, mlango, kikombe, hata mkutano. Kiingereza hakina neno la namna hiyo, na ndiyo maana barua ya kudai fidia ya nyumba iliyopisha barabara hapa Dodoma inaharibika sentensi ya kwanza tu: "My house was broken down."

Dhana kwamba "break down" ni kubomoa nyumba imenichosha. Siyo. Isipofuatwa na mtendwa, ni chombo kugoma: "The lorry broke down at Kibaigwa", lori limeharibika njiani, wala hakuna aliyeligusa. Ikifuatwa na mlango, ni kuuvunja kwa nguvu ili watu waingie: "The police broke down the door." Halafu kuna maana ya tatu, inayowaponza wengi: kuchanganua. "The budget was broken down by ministry", bajeti imechanganuliwa wizara kwa wizara. Sasa rudi kwenye "The house was broken down." Umbo ni lilelile, hivyo msomaji anasita: nyumba imechanganuliwaje, chumba kwa chumba?

Tingatinga likishapita kwenye ukuta wenye X nyekundu, andika "pulled down" au "knocked down". "Torn down" nayo ni sahihi, ila ina harufu ya pupa. Kwa barua ya ofisini mimi nasema weka "demolished", yaishe.

Wapo wanaodhani "down" ni pambo. Iondoe uone: "They pulled the house", wameivuta nyumba kama mkokoteni. Wengine wanaibandika pasipohitajika, "demolished down". Kubomoa kumeshamo humo.

Kiwakilishi hukaa katikati: "They pulled it down." Kamwe siyo "pulled down it", ingawa "pulled down the house" haina kosa.

Upepo nao hau-"blow up" mabati. Hiyo ni kazi ya baruti. Ukiezua paa, "The wind blew the roof off." Ukiangusha mti, "blew the tree down."

Na "burn down" ni kuteketea yote. Tembe lililoungua pembe moja moto ukazimwa, andika "was damaged by fire". Anayejaza fomu ya bima aisome sentensi hiyo mara mbili.