Je, wajua kwa nini kombi ya zamani hulia oili ilhali oili imejaa?

Kombi aina ya Volkswagen T3, ile yenye umbo la boksi iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1979 na kuendelea Afrika Kusini hadi 2002, bado inaonekana kwenye barabara zetu. Nyingine ndani zina kitanda, jiko na sinki, na wenye nazo hutoka nazo Nairobi wakielekea Cape Town. Sasa chukua moja iliyopanda mlima Kitonga, kule Iringa nchini Tanzania, saa nane mchana, kwa gia ndogo, nyuma ya msururu wa malori. Inafika juu, dereva anakanyaga mafuta, na hapo dashibodi inaanza kulia huku taa nyekundu yenye alama ya kibirika ikiwaka na kuzima. Anaegesha, anazima injini, anachomoa kijiti cha kupimia. Oili iko kwenye alama ya juu kabisa. Sasa inalilia nini?

Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha yake. Krenki, yaani ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haitakiwi kugusana na beringi zake, yaani vishikizo inamozungukia. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kama unywele. Pampu inasukuma oili hadi huko, na presha inapatikana kwa kuwa njia ya kupita ni finyu. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani: ukibana mdomo wake maji yanaruka, ukiuachia yanachuruzika tu. Beringi zikilika, njia inapanuka na presha inashuka, hata sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikiwa imejaa. Tena oili ikipata moto inakuwa nyepesi, presha inapungua zaidi. Ndiyo maana gari hilohilo asubuhi lilikuwa kimya.

Lakini kwenye T3 kuna jambo jingine, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa kwa kufungua injini nzima.

Magari mengi ya zamani yana swichi moja ya oili. Presha isipokuwepo, swichi inaunganisha waya na bodi, taa inawaka. Presha ikipanda, swichi inaachia na taa inazima. Sasa waya huo ukikatika, taa haitawaka tena hata injini ikauke kabisa, na dereva ataendelea na safari akiamini yuko salama. Kwa hiyo kuanzia katikati ya miaka ya 1980, T3 ilipewa swichi mbili. Ya kwanza ni ya baa 0.3 (baa ni kipimo cha presha) na inafanya kazi kama nilivyoeleza. Ya pili, ya baa 0.9, iko kinyume: inaunganisha pale presha inapozidi kiwango hicho. Injini ikipita mizunguko 2,000 kwa dakika, kiboksi kilichoko nyuma ya geji za dashibodi kinaikagua swichi hii ya pili. Kisipopata muunganiko, kinapiga kelele. Maana yake, waya ukikatika gari linalia, halinyamazi. Naupenda sana mpangilio huu. Waliamua kwamba likosee kwa kukutisha bure, lisikosee kwa kukuficha.

Basi swali la kwanza la fundi liwe hili: inalia wakati gani? Taa ikiwaka injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mtazame yule wa 0.3. Ikilia ukivuka mizunguko 2,000 tu, mtuhumiwa ni wa 0.9, au waya wake, au kile kiboksi.

Na waya wenyewe una mateso yake. Injini ya T3 iko nyuma, dashibodi iko mbele, kwa hiyo waya unapita chini ya gari lote ukipigwa tope, vumbi na joto la ekzosi. Ingia chini na tochi, vuta kifuniko cha mpira kwenye swichi. Mara nyingi utakuta kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani, nyuzi mbili tatu ndizo zimeshikilia, ukigusa kwa kidole zinaachia. Kwa swichi ya 0.3, washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ipepese. Chomoa waya wa swichi hiyo: ikizima, waya ni mzima, ikiendelea kupepesa, umechubuka na unagusa bodi mahali fulani.

Yote haya, hata hivyo, ni baada ya kuzima injini na kuacha kuendesha. Usijaribu "kusikilizia" hadi mji unaofuata. Beringi ikikosa oili inaharibika kwa muda mfupi mno, na krenki inafuata.

Hukumu yenyewe inatolewa na geji ya mkono ya kupimia presha ya oili. Fungua swichi moja, funga geji kwenye tundu lake, endesha injini hadi oili ifike nyuzijoto 80 hivi, kisha ipandishe hadi mizunguko 2,000. Kwa injini hizi zinazopozwa kwa maji, presha isipungue baa 2. Ikifika hapo, tatizo ni umeme: tengeneza waya, badilisha swichi, au safisha viunganishi nyuma ya dashibodi, maana kile kiboksi chenyewe nacho huchakaa.

Isipofika, anza na vya bei ndogo. Badilisha oili na filta. Kisha fungua valvu ya kupunguza presha, kile kipistoni chenye springi kwenye bloku; chembe moja ya uchafu ikikikwamisha wazi, oili inarudi kwenye sampu kabla ya kufika kwenye beringi. Halafu pampu. Beringi zije mwisho, kwa sababu huko ni kushusha injini. Kuna wanaoweka oili nzito ili taa izime. Presha kweli itapanda kidogo, ila beringi iliyolika haijapona, na dereva wetu wa Kitonga bado ana maelfu ya kilomita kufika Cape Town.