Heda moja kwa ripoti zote: jinsi ninavyopanga tempuleti za kampuni

Novemba 2024 Tigo ilipogeuka Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, kila kampuni iliyokuwa imeandika "Lipa kwa Tigo Pesa" chini ya invoisi zake ilipata kazi ambayo haikuwa kwenye bajeti ya mtu. Kabla ya hapo Februari 2020 Barclays ilishakuwa Absa, 2021 benki ya TPB ikawa TCB, na kwa majirani zetu Kenya CBA na NIC ziliungana mwaka 2019 zikawa NCBA. Hayo ni majina ya watu wengine tu, bado hujahama ofisi, hujabadilisha logo, hujasajiliwa VAT ukapewa VRN (namba ya usajili wa VAT), hujafungua tawi Mwanza. Na kila likitokea moja kati ya hayo kuna mtu anafungua tempuleti ya invoisi anarekebisha, anafungua ya profoma anarekebisha, delivari noti, stetimenti ya mteja, LPO, pesilipu, ripoti ya stoo, na akifika katikati simu inaita, akirudi hakumbuki aliishia wapi.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza ripoti, nakaa kati ya wahasibu na madevelopa, na katika vitu vyote vya hii kazi hakuna kinachonigusa kama heda na futa, yaani kile kichwa cha juu chenye logo na anwani pamoja na ule mstari wa chini wenye akaunti za benki na namba ya ukurasa. Watu wanaona ni pambo. Lakini mteja analipa kwa kusoma futa, na mkaguzi anaangalia TIN kwenye heda kabla hajaangalia namba yoyote ya katikati. Ndiyo maana nasisitiza: heda ikae sehemu moja tu, tempuleti ziiite, isikopiwe hata kwenye moja.

Ila kabla hujagusa programu yoyote kaa na karatasi zenu zote mezani upange kilichomo, maana wengi wanarukia kutengeneza "heda ya pamoja" halafu wanatupia humo kila kitu. Kuna vitu vya kampuni: jina, logo, TIN, VRN, anwani, simu, benki. Hivi ndivyo vya kuweka pamoja, na visiandikwe kwa mkono ndani ya tempuleti, vitoke kwenye jedwali la databezi. Kuna vitu vya hati yenyewe kama jina lake, namba, tarehe, jina la mteja, hivyo vinabaki kwenye hati, heda inavipokea tu kama parameta, yaani thamani inayopitishwa kutoka nje. Halafu kuna vitu vya ukurasa, ule "Ukurasa 2 kati ya 5", na huu ndio unaosumbua kuliko vyote, nitaueleza.

Nianze na JasperReports, programu ya kutengeneza ripoti, kwa sababu ndiyo ninayoitumia zaidi. Njia ya kawaida ni sabripoti, yaani ripoti ndogo inayoitwa ndani ya ripoti kubwa: unatengeneza faili moja ya heda, unaiita ndani ya bendi (sehemu ya ukurasa) ya pageHeader ya kila ripoti. Inaonekana rahisi na ni rahisi kweli, ila kuna mitego inayojirudia kwa karibu kila mtu anayeanza. Wa kwanza, heda haitokei kabisa, hakuna eraa, nafasi iko nyeupe tu. Sababu yake ni kwamba sabripoti isiyopewa data inahesabiwa haina data, na kwa mpangilio wa kawaida ripoti isiyo na data haichapi hata ukurasa mmoja. Suluhisho ni kuipa JREmptyDataSource, ambayo inaleta rekodi moja tupu, kisha vitu vyako unaviweka kwenye bendi ya detail, au uipe koneksheni ya ripoti kubwa iende yenyewe kusoma jedwali la kampuni. Mimi napenda hii ya pili, kwa sababu ripoti kubwa haina haja ya kujua chochote kuhusu TIN.

Mtego wa pili ni vipimo. Sabripoti ya heda iwe na majini (nafasi tupu za pembeni mwa ukurasa) sifuri pande zote, maana majini tayari zipo kwenye ripoti kubwa, ukiacha zile 20 za kawaida zinajumlishwa na logo yako inasogea ndani bila maelezo. Na upana: A4 iliyosimama ni pointi 595, ukitoa 20 kila upande inabaki 555, iliyolala ni 842 inabaki 802. Heda ya 555 ukiiweka kwenye stetimenti iliyolala inaishia njiani na upande wa kulia unabaki mtupu. Watu wanajaribu kuivuta, mimi nasema tengeneza mbili, ya kusimama na ya kulala, zote zinasoma jedwali lilelile. Faili mbili bado ni chache kuliko kila ripoti kuwa na heda yake.

Sasa futa. Bendi ya pageFooter haitanuki, urefu uliotangaza ndio huohuo mpaka mwisho wa dunia, kwa hiyo siku mkurugenzi akiongeza benki ya tatu na sabripoti ikawa ndefu kuliko bendi utapata hii: "Subreport overflowed on a band that does not support overflow", na hapo hakuna invoisi itakayotoka. Acha nafasi ya ziada tangu mwanzo. Au fanya ninavyofanya mimi, akaunti za benki siziweki kila ukurasa, naziweka kwenye lastPageFooter, bendi inayochukua nafasi ya pageFooter kwenye ukurasa wa mwisho, maana ndipo jumla ilipo na ndipo jicho la mlipaji linapokwenda. Kurasa nyingine zinabaki na mstari mmoja mwembamba, jina la kampuni na namba ya ukurasa.

Hiyo namba ya ukurasa usiitie ndani ya sabripoti. Sabripoti inahesabu kurasa zake yenyewe, na kwa kuwa ina ukurasa mmoja itakuandikia 1 kila mahali hata kama uko wa saba. Iache kwenye ripoti kubwa, tekstifildi mbili pembeni kwa pembeni, ya kwanza inachukua PAGE_NUMBER kawaida, ya pili PAGE_NUMBER hiyohiyo ila evaluationTime yake ni Report ili isubiri mpaka kurasa zote zishahesabiwa. Ni kitu kidogo cha kurudia kwenye kila tempuleti na sioni ubaya, hakibadiliki kampuni ikihama.

Kuhusu logo, usiandike njia ya faili inayoanza na C:\Users, kwako itafanya kazi na kwenye seva haitafanya. Weka picha kwenye databezi au pitisha folda kama parameta. Picha ikikosekana Jasper kwa kawaida inasimamisha ripoti nzima, unaweza kuiambia onErrorType iwe Blank ikaendelea bila logo. Kwa ripoti za ndani mimi naweka Blank bila kufikiria. Kwa invoisi naacha isimame, invoisi isiyo na logo ikimfikia mteja ataitilia shaka na ana haki ya kuitilia shaka. Rangi na fonti nazo zina pa kukaa pamoja, faili la staili la jrtx, ukibadilisha bluu ya kampuni unabadilisha humo. Na kumbuka sabripoti iliyokompailiwa haibadiliki eti kwa sababu umehariri jrxml, faili lake la chanzo, ni lazima uikompaili upya uipeleke seva.

Wanaotumia Odoo, sistimu ya kuendesha biashara, wana bahati, kazi kubwa imeshafanywa. Hati za kibiashara zote zinaita tempuleti ya pamoja ya web.external_layout, na hiyo inachagua muundo wa kampuni na kusoma anwani, futa na logo kutoka kwenye rekodi ya kampuni. Ukiwa na kampuni mbili kwenye sistimu moja, tuseme moja Dar moja Nairobi, invoisi inafuata kampuni iliyoandikwa kwenye hati yenyewe, kwa hiyo TIN ya huku haichanganyiki na PIN ya KRA ya kule. Ukitaka kubadilisha muundo usihariri ile vyuu (faili la muundo) ya asili, irithi kwenye moduli yako, la sivyo siku ya kuapgredi kazi yako yote inaondoka. Lakini malalamiko mawili nayasikia kila mara. La kwanza heda imepanda juu ya maandishi ya katikati. Hiyo ni kwa sababu wkhtmltopdf, programu ambayo Odoo inaitumia kutengeneza PDF, inachora heda kama ukurasa wake peke yake kisha inaibandika kwenye majini ya juu, haijui heda yako imekuwa ndefu, kwa hiyo ukiongeza mistari ya anwani ongeza na majini ya juu kwenye pepa fomati (mpangilio wa karatasi ndani ya Odoo) pamoja na ile nafasi ya heda. La pili heda na futa hazionekani kabisa kwenye PDF. Hapo nenda kwenye seva andika wkhtmltopdf --version, kama huoni maneno "with patched qt" umepata jibu, ile inayokuja na apt ya Ubuntu haina uwezo wa heda na futa, weka ile yenye marekebisho.

SSRS, programu ya ripoti ya Microsoft, ni ngumu kidogo kwenye hili na ni vizuri kujua mapema usipoteze wiki. Kwenye heda ya ukurasa hairuhusu sabripoti wala jedwali, na ukiingiza ripoti ndani ya ripoti, heda ya ile ya ndani haionyeshwi. Kwa hiyo muundo hauwezi kushirikiwa, kinachoshirikiwa ni data: dataseti moja ya pamoja ya taarifa za kampuni, kila heda inachukua humo kwa First, fomula inayoleta rekodi ya kwanza. Muundo ukibadilika, faili la rdl, yaani faili la ripoti ya SSRS, ni XML ya kawaida, andika skripti fupi inayochukua PageHeader na PageFooter kutoka kwenye faili mama na kuziweka kwenye mengine yote. Siyo njia ya kupendeza ila inafanya kazi, na ni salama kuliko mkono wa mtu aliyechoka.

Word naitaja kwa sababu ofisi nyingi bado barua na kotesheni zinaandikwa humo. Watu wanadhani wakibadilisha tempuleti ya dotx hati za zamani nazo zitabadilika. Hazibadiliki, heda inakopiwa siku hati inapozaliwa na baada ya hapo kila mmoja na njia yake. Ile alama ya kuapdeti staili inagusa staili tu. Pia heda za Word zinafuata seksheni, kwa hiyo hati yenye ukurasa mmoja uliolala katikati inaweza kuwa na heda tatu, na ukirekebisha ya kwanza zile ambazo hazijaunganishwa na iliyotangulia zinabaki na anwani ya zamani. Kama mnatoa kotesheni nyingi kwa siku, hamisheni kazi hiyo kwenye sistimu.

Sasa kuna jambo ambalo naomba usiliruke hata kama mengine umeyaruka. Ukishaweka heda sehemu moja, kila hati ikichapwa tena leo itatoka na taarifa za leo. Mteja anaomba kopi ya invoisi ya 2019, inatoka na jina la benki la 2024 na anwani ya ofisi ambayo 2019 hamkuwa nayo. Hiyo siyo kopi tena, ni hati nyingine. Njia ninayoiamini ni kuhifadhi PDF siku hati inapotolewa, na anayetaka kopi apewe hiyohiyo. Kama haiwezekani, jedwali la kampuni liwe na tarehe ya kuanza na ya mwisho kwa kila mstari, na heda ichague kwa tarehe ya hati, siyo tarehe ya leo. Ndiyo maana pia asilimia ya VAT haina nafasi kwenye futa ya pamoja. Kenya ilishusha VAT kutoka 16 kwenda 14 tarehe 1 Aprili 2020 na kuirudisha 16 tarehe 1 Januari 2021, aliyeandika "bei zinajumuisha VAT 16%" kwenye futa alijikuta nayo kwenye hati za miezi hiyo yote. Asilimia ikae kwenye mstari wa bidhaa pamoja na hesabu yake.

Na usalama. Akaunti ya benki ikikaa sehemu moja, anayeweza kuihariri sehemu hiyo anaweza kuelekeza malipo ya wateja wote kwake kwa dakika moja. Kwa hiyo ruhusa ya lile jedwali isiwe ya kila mtu mwenye paswedi ya sistimu, abadilishe mmoja aidhinishe mwingine, na kila badiliko liandikwe nani na lini. Nikipewa kazi na kampuni ambayo haitaki hili, benki naiacha nje ya jedwali na nawaambia sababu.

Kama tayari una tempuleti nyingi zilizotawanyika, usizihamishe zote kwa mpigo. Anza na delivari noti, haina hela. Kisha ripoti za ndani, halafu profoma, invoisi iwe ya mwisho. Kila moja ijaribu kwa hati ya mstari mmoja, kwa hati inayojaza ukurasa kamili bila kuvuka, kwa yenye kurasa nyingi, na kwa mteja mwenye jina refu kuliko wote kwenye databezi yako. Ile inayojaza ukurasa kamili ndiyo inayofichua mengi, hapo ndipo unapoona futa ya mwisho imeenda peke yake ukurasa wa pili. Chapa kwenye karatasi pia, printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa mpaka ukingoni na mstari wa chini kabisa, ambao mara nyingi ndio wenye namba ya akaunti, unakatwa.